Majina Mazito na Kivuli Kisicho na Saini: Ukoo wa Peale na Suala la Urithi wa Sanaa

Yamkini hakuna ukoo wa wachoraji nchini Marekani uliotwishwa majina mazito kuliko ukoo wa Peale wa Philadelphia. Charles Willson Peale, aliyezaliwa Maryland mwaka wa 1741 na kufariki mwaka wa 1827, alijaliwa watoto zaidi ya 15, na wengi wao aliwapa majina ya mabingwa wa uchoraji wa Ulaya: Raphaelle, Rembrandt, Titian, Rubens, na kwa upande wa mabinti, Angelica Kauffmann na Sophonisba Angusciola. Mapenzi yake yalipoelekea kwenye elimu ya viumbe na sayansi kwa jumla, wana waliozaliwa baadaye wakaitwa Linnaeus na Franklin. Wahakiki wa riwaya na tamthilia za Kiswahili wamezoea kuyaita majina ya aina hii majazi, yaani majina anayoyateua mtunzi ili yaashirie mapema tabia ya mhusika au mambo yatakayomfika. Tofauti iliyopo ni kwamba mtunzi wa riwaya hushika kalamu toka mwanzo hadi mwisho, na akitaka jina litimie hapana wa kumzuia. Mzazi hana uwezo huo. Humpa mwanawe jina, kisha mwana akaenda zake nalo.

Hata hivyo, majina hayo yanazua swali ambalo halihusu uchoraji peke yake. Sanaa hurithiwa kwa njia gani? Kwa damu, kwa jina, au kwa mkono uliokaa karibu na mkono mwingine na kufanya nao kazi siku baada ya siku? Wengi walioandika habari za akina Peale hulijibu swali hili kwa kuchora mti wa ukoo: Charles Willson na mdogo wake James katika shina, watoto wao wa kiume na wa kike katika matawi, wajukuu katika vitawi. Mti huo ni sahihi kwa kadiri yake. Kasoro yake ni kwamba unamwacha nje mtu mmoja aliyekulia katika nyumba hiyo hiyo, akafanya kazi katika makumbusho hayo hayo, na kwa mkasi wake akatengeneza nyuso nyingi mno za wakazi wa Philadelphia na wageni wao. Jina lake lilikuwa Moses Williams, na alikuwa mtumwa wa nyumba hiyo.

Kabla ya kumfikia Moses, ni vyema kutazama jinsi sanaa yenyewe ilivyoingia katika ukoo. Charles Willson hakuirithi kwa yeyote. Baba yake alikuwa karani mjini London aliyetiwa hatiani kwa kosa la kughushi, akaepuka kitanzi kwa kuhamishiwa makoloni ya Marekani, ambako aliishia kuwa mwalimu wa shule. Alipofariki mwaka wa 1750 alimwacha mjane aliyewalea watoto kwa kushona nguo za watu. Kijana Charles alitiwa uanagenzini kwa mshona matandiko ya farasi mjini Annapolis, na alipotamani kuchora alikwenda kwa mchoraji John Hesselius, akamlipa tandiko moja ili amfundishe. Baadaye waungwana wa Maryland walimchangia fedha, akaenda kusoma London kwa Benjamin West kati ya mwaka wa 1767 na 1769. Huyu basi alikuwa mtu aliyeijia sanaa kama ufundi miongoni mwa ufundi mwingine. Aliwahi pia kutengeneza saa, na katika maisha yake marefu alishughulika na meno bandia, mashine za kunakilia barua na kilimo. Kutokana na tajriba hiyo alishikilia imani moja ambayo hakuiacha hadi uzeeni: kwamba kuchora si karama ya wachache, bali ni kazi anayoweza kufundishwa mtu yeyote mwenye bidii. Alimfundisha mdogo wake James, akawafundisha wanawe, akawafundisha jamaa wengine. Imani hii ndiyo inayostahili kukumbukwa katika yote yatakayofuata, maana ndiyo inayomhukumu.

Taswira kuu ambayo Peale aliutolea ukoo wake ni ile picha ya jamaa nzima iliyoko New-York Historical Society. Aliianza mwaka wa 1773 au karibu yake, na hakuimaliza hadi 1809. Kwa miaka 36 hivi picha hiyo ilikaa nyumbani ikingoja, ilhali waliochorwa ndani yake wakiondoka mmoja mmoja. Mama yake mchoraji, mkewe wa kwanza Rachel na nduguye St. George, wote walikuwa wamefariki kabla rangi ya mwisho haijakauka. Katika picha wamekusanyika kuzunguka meza, mmoja anachora, wengine wanatazama, na Peale mwenyewe ameinama na kibao chake cha rangi mkononi. Hapo awali palikuwa na maneno ya Kilatini yaliyosifu umoja wa nyoyo. Katika kumalizia aliyafuta, na akamwongeza mbwa wake Argus. Msomaji wa Homer atakumbuka mara moja kuwa Argus ni jina la mbwa wa Odisea aliyemngoja bwana wake arudi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba nyuma ya wanajamaa amesimama Peggy Durgan, yaya wa nyumba. Hana nafasi mezani, lakini yumo. Picha basi inakubali kwamba ukoo ni zaidi ya damu, ila inaweka mpaka wake mahali fulani, na mpaka huo haukuandikwa popote.

Pazia ni alama inayojirudia katika kazi za ukoo huu kiasi cha kuweza kuitwa kiungo cha maudhui yake. Mwaka wa 1772 ndui ilimuua mtoto mchanga wa Peale aliyeitwa Margaret. Baba alimchora akiwa maiti, amefungwa utepe kidevuni, mikono imelazwa ubavuni, kisha baadaye akaipanua picha na kumwongeza mama, Rachel, machozi yakimtiririka, macho yakiangalia juu. Picha hii haikutundikwa kama picha nyingine. Iliwekwa nyuma ya pazia, na aliyetaka kuiona alihitaji kwanza kuamua kulifungua. Hapo pana adabu ya msiba ambayo hata jamii zisizochora sura za watu zinaielewa: si kila kilio ni cha kuonyeshwa kila apitaye.

Mwaka wa 1795, katika maonyesho ya Columbianum mjini Philadelphia, Peale alitoa picha ya wanawe wawili, Raphaelle na Titian, wakipanda ngazi. Ni picha ya ukubwa wa watu halisi, na iliwekwa ndani ya fremu ya mlango wa kweli, na chini yake kipandio cha mbao cha kweli, ili mtazamaji asijue ngazi ya mbao inakoma wapi na ngazi ya rangi inaanza wapi. Rembrandt Peale alisimulia baadaye kwamba George Washington, alipopita hapo, aliwainamia vijana hao kwa heshima akidhani ni watu hai. Kisa ni kitamu, na kwa sababu hiyo hiyo kinahitaji tahadhari; Rembrandt alikuwa msimulizi hodari, na usimulizi wake utahitaji kuchunguzwa tena baada ya kitambo. Lililo wazi ni uchungu uliokuja kuiingia picha hiyo. Titian, yule kijana anayechungulia kutoka juu, alikufa kwa homa ya manjano mwaka wa 1798. Mwaka uliofuata alizaliwa mwana mwingine, naye akapewa jina lile lile. Titian huyu wa pili ndiye aliyekuja kuwa mchoraji wa wanyama na vipepeo, akafuatana na msafara wa Stephen Long kuelekea Milima ya Rocky mwaka wa 1819 na 1820, kisha na msafara wa majini wa Charles Wilkes kati ya 1838 na 1842.

Kijana wa kwanza katika ngazi, Raphaelle, aliyeshika kibao cha rangi na kugeuka kana kwamba ameitwa, ndiye aliyeutendea ukoo huo jambo ambalo baba hakulitarajia. Peale aliamini kuwa kazi yenye heshima na riziki ni kuchora sura za watu mashuhuri. Raphaelle naye, aliyezaliwa mwaka wa 1774, alijikuta akichora vyakula: matunda madogo ya mwituni katika bakuli, kipande cha keki, nyama mbichi, tikiti lililopasuliwa, samaki. Katika ngazi ya thamani iliyokubaliwa wakati huo, picha za vitu vilivyotulia mezani zilikuwa chini kabisa. (Historia ya uhakiki wa fasihi inaijua sana ngazi ya namna hii, kwa muda mrefu utenzi mrefu wa vita ulikalishwa kitini na nyimbo za jikoni zikaachwa mlangoni.) Picha zake zilipata bei ndogo. Alisumbuliwa na ugonjwa na ulevi, na barua za baba zimejaa nasaha na lawama, zikimtaka ajikaze awe mwanamume. Wapo watafiti wa baadaye walioeleza kwamba sehemu ya maradhi yake ilitokana na aseniki na zebaki alizozishika alipokuwa akihifadhi wanyama kwa ajili ya makumbusho ya baba yake. Ikiwa ni hivyo, basi ukoo wenyewe ndio uliomtia sumu huku ukimlaumu kwa kudhoofika. Hoja hiyo haijathibitishwa kwa namna ya kumaliza ubishi, na si lazima ithibitishwe ili picha zake zieleweke. Alifariki mwaka wa 1825, miaka miwili kabla ya baba.

Kazi yake inayojadiliwa zaidi ni ile ya mwaka wa 1822 au karibu yake, ihusuyo Zuhura akichomoza baharini. Mtazamaji hamwoni Zuhura. Anachokiona ni kitambaa cheupe kilichotundikwa kwa utepe, chenye mikunjo ya kupigwa pasi, na juu yake mkono na nywele, chini yake unyayo. Kitambaa chenyewe ni rangi tupu. Hapa pazia la baba limepinduliwa maana. Kule kwa Rachel pazia lilikuwa la kweli na nyuma yake palikuwa na kilio. Hapa pazia ni la uongo na nyuma yake hakuna kitu. Mwana aliyeitwa kwa jina la bingwa wa miili mitukufu ya Italia anaufunika mwili na kuchora taulo. Wapo waliouona mzaha tu katika picha hii. Mzaha upo, lakini ni mzaha wa mtu aliyechoka kuambiwa anachopaswa kuchora.

Waswahili husema mtoto hufuata kisogo cha nina. Katika ukoo huu visogo vilivyotajwa ni vya akina baba, ilhali mojawapo ya safu zake imara zaidi ilikuwa ya wanawake. Angelica na Sophonisba, waliopewa majina ya wachoraji wanawake wa Ulaya, hawakuwa wachoraji wa kazi. Sophonisba aliacha mfarishi wa viraka wenye umbo la nyota ambao sasa umehifadhiwa katika jumba la sanaa. Waliochora ni mabinti wa James: Anna Claypoole, Margaretta na Sarah Miriam. Mwaka wa 1824 Anna na Sarah walichaguliwa kuwa wanachama wa Pennsylvania Academy of the Fine Arts, wanawake wa kwanza kupewa hadhi hiyo. Sarah, aliyezaliwa mwaka wa 1800, hakuolewa. Alijikimu kwa brashi yake Baltimore kwa takriban miongo miwili, kisha St. Louis kwa miaka 30 hivi, akichora wanasiasa na matajiri na kuwatoza ada kama mchoraji yeyote wa kiume. Rubens Peale, aliyekuwa na macho dhaifu na ambaye kwa miaka mingi alisimamia makumbusho badala ya kuchora, alianza kuchora akiwa amepita umri wa miaka 70, na mwalimu wake alikuwa bintiye, Mary Jane. Hivyo urithi ulirudi nyuma, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Mary Jane alifariki mwaka wa 1902, naye ndiye anayehesabiwa kuwa mchoraji wa mwisho wa ukoo.

Sasa Moses. Wazazi wake, Scarborough na Lucy, walikuwa watumwa ambao Peale aliwapokea kutoka kwa bwana shamba wa Maryland kama malipo ya kazi ya uchoraji. Sentensi hiyo inafaa kusomwa mara mbili. Mtu aliyelipa ada ya masomo yake kwa tandiko alikuja kulipwa ada ya picha zake kwa watu. Peale alikuwa katika baraza la kutunga sheria la Pennsylvania wakati wa kupitishwa kwa sheria ya mwaka wa 1780 iliyokusudia kuukomesha utumwa hatua kwa hatua, na mwaka wa 1786 aliwaacha huru Scarborough na Lucy. Scarborough akajichagulia jina jipya, John Williams. Katika nyumba iliyojaa watu waliochaguliwa majina na wengine, huyu ndiye aliyejipa lake. Mtoto wao Moses, aliyekuwa angali mdogo, hakuachwa pamoja nao. Alibaki kufungwa kwa utumishi hadi atakapotimiza miaka 28.

Alikulia basi miongoni mwa akina Raphaelle na Rembrandt, wa rika lake. Makumbusho yalipoanzishwa mwaka wa 1786 alijifunza, kama wao, kuhifadhi ndege na wanyama na kuwapanga. Mwaka wa 1801 Peale alipofukua mifupa ya mastodoni katika jimbo la New York na kuisimamisha Philadelphia, Moses alipandishwa farasi mweupe, akavikwa manyoya kichwani kama Mhindi Mwekundu wa kubuniwa, akatembezwa mitaani kutangaza maonyesho, mpiga tarumbeta akimtangulia. Wenzake walifundishwa rangi za mafuta. Yeye hakufundishwa. Hapa ndipo ile imani ya Peale, kwamba yeyote anaweza kufundishwa kuchora, inapofika mwisho wake. Na mwisho huo haukufikiwa kwa hoja, bali kwa kimya.

Alichopewa Moses ni mashine. Mwaka wa 1802 Peale alikiweka katika makumbusho chombo kiitwacho fiziognotresi, kilichobuniwa na John Isaac Hawkins. Mteja aliketi kando yake, fimbo ndogo ikapitishwa kufuata mzingo wa uso wake wa upande, kuanzia kipajini hadi kifuani, na vipande vya mbao vilivyounganishwa vikaupunguza mzingo huo na kuuweka juu ya karatasi iliyokunjwa mara mbili. Kisha mkasi ukaingia. Mkataji alikata ndani ya mstari, kichwa kikaanguka, na karatasi ilipokunjuliwa zikapatikana nyuso nne zilizo matundu. Karatasi hiyo ilipowekwa juu ya kitu cheusi, uso ulionekana. Kwa maneno mengine, picha ya mteja ilikuwa ni nafasi aliyoondoka. Ada ya kukatiwa ilikuwa senti 8, na kwa hesabu ya Peale mwenyewe Moses alikata nyuso 8,880 katika mwaka mmoja tu, 1803. Karatasi zilipigwa mhuri wa makumbusho. Jina la aliyezikata halikuwekwa.

Kuna kishawishi cha kusema kwamba kazi hii ilikuwa ya mashine, na kwamba mkasi ulifuata tu. Kauli hiyo inaweza kutolewa na mtu ambaye hajapata kujaribu kukata kope kwa mkasi. Mashine ilitoa mstari hafifu. Unene wa mdomo, ncha ya pua, nywele zinazotoroka nyuma ya sikio, hayo yote yalikuwa uamuzi wa mkono. Wakati huo huo si haki kumfanya Moses mwasi wa sanaa aliyejificha katika kila karatasi. Nyingi ya zile 8,880 zilikuwa kazi ya haraka ya kujipatia riziki, kama vile picha nyingi za Washington zilizotoka katika karakana ya bwana wake zilivyokuwa.

Ushahidi mkuu kuhusu maisha yake umetoka kwa Rembrandt Peale, katika maelezo mafupi aliyoyachapisha katika jarida la The Crayon mwaka wa 1857, alipokuwa anakaribia umri wa miaka 80. Kwa ufupi anasema kwamba hadi umri wa miaka 27 Moses hakuwa na faida yoyote. Kwamba alianza kujiburudisha kwa kukata nyuso zilizokataliwa, akapata ustadi, akakabidhiwa mashine na ruhusa ya kubaki na ada. Kwamba baba alisisitiza kumpa uhuru mwaka mmoja kabla ya wakati. Na kwamba baada ya miaka michache alinunua nyumba ya matofali ya ghorofa mbili na kumwoa mpishi wa nyumba, mwanamke mweupe ambaye zamani hakukubali kula naye meza moja. Haya ni maelezo yanayohitaji uhakiki wa makini kuliko yalivyokwisha kupewa. Msimulizi anamwita mtu asiye na faida ilhali mtu huyo alikwisha kufanya kazi ya makumbusho kwa miaka mingi bila mshahara. Anauita uhuru zawadi iliyosisitizwa na mtoaji, kana kwamba mpokeaji alikuwa akiukataa. Ufundi wenyewe anauleta kama burudani, jambo lililotokea, si jambo alilojifunza wala kufundishwa. Na bado, kinyume cha nia ya msimulizi, maelezo yanamvuja. Nyumba ipo. Ndoa ipo. Meza ipo, na aliyekuwa hali katika meza hiyo amekuwa na meza yake. Mwandishi alikusudia kisa cha kuchekesha, akaacha wasifu.

Katika maktaba ya Library Company of Philadelphia umehifadhiwa uso mmoja wa upande ulioambatana na maandishi yanayomtaja Moses Williams na kazi yake ya kukata nyuso. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa kazi ya Raphaelle. Mwaka wa 2005 mtaalamu wa historia ya sanaa Gwendolyn DuBois Shaw alichapisha makala akipendekeza kwamba yamkini Moses alijikata mwenyewe, na akaonyesha kuwa mkasi haukuufuata mstari wa mashine kila mahali, hasa kwenye nywele. Pendekezo hilo lina nguvu. Hata hivyo, ushahidi wa mkono katika kazi isiyo na saini huwa mwepesi, na tamaa ya msomaji wa leo kumrudishia Moses uandishi isichukuliwe kuwa ni hati. Jambo lisilohitaji dhana ni hili: kazi ilipokuwa nzuri na haina jina, wataalamu walinyoosha mkono kwenye mti wa ukoo na kuchuma jina lililokuwa karibu. Watunzi wa tenzi wa pwani ya Afrika Mashariki waliozoea kujitaja kwa jina na nasaba katika beti za mwisho walijua walichokuwa wakijikinga nacho.

Mwaka wa 1822, akiwa na umri wa miaka 81, Charles Willson Peale alijichora amesimama katika makumbusho yake, mkono wa kulia ukiinua pazia jekundu. Ni picha inayojulikana kuliko zake zote, na imo Pennsylvania Academy. Nyuma ya pazia chumba kirefu kinaonekana: safu za ndege katika visanduku, juu yao safu za sura za mashujaa wa taifa, upande mmoja mifupa ya mastodoni ikitokeza nusu. Miguuni pake pana bata mzinga aliyeletwa na Titian wa pili kutoka msafara wa Long, pamoja na zana za kumhifadhi. Upande wa pili kibao cha rangi. Kila kitu kina nafasi na daraja yake. Chombo cha kukatia nyuso hakimo mbele ya macho, wala mkataji. Miaka michache baadaye, mzee huyo alipoandika kumbukumbu za maisha yake, alijiandika katika nafsi ya tatu, akijiita Peale, kana kwamba anamweka mtu mwingine katika kisanduku cha kioo na kumpa maelezo. Wahakiki wameliona hilo kuwa unyenyekevu wa wakati wake. Huenda ni zaidi ya hapo: ni tabia ya mtu wa makumbusho, ambaye kwake kila kilicho hai hupata maana kikishapangwa, hata yeye mwenyewe. Makumbusho hayo hayakudumu sana baada yake. Mikusanyo iliuzwa, na mwaka wa 1854 jiji la Philadelphia likanunua sehemu ya picha za watu mashuhuri.

Na bado ipo picha moja inayozuia Peale asihukumiwe kwa wepesi. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1818 na 1819 alikwenda Washington kuchora viongozi wa serikali. Alipokuwa huko akasikia habari za mzee wa Kiafrika wa Georgetown, Yarrow Mamout, Mfulani aliyeletwa Marekani utumwani mwaka wa 1752, akapata uhuru mwaka wa 1796, akanunua nyumba mwaka wa 1800 na kumiliki hisa za benki. Alikuwa Mwislamu, na majirani walimjua kwa kusali hadharani na kwa kutogusa nguruwe. Ilisemekana ana umri wa miaka 140. Peale alikwenda kumtafuta, akamchora, na hakutosheka na uvumi. Alikwenda kwa jamaa za waliokuwa mabwana wake kuuliza, akagundua kwamba umri huo ulikuwa umetiwa chumvi, akaiandika historia yake katika shajara. Uso alioutoa ni wa mtu anayetabasamu kidogo chini ya kofia ya kufumwa, macho yakimpima mchoraji jinsi mchoraji anavyompima. Si kielelezo cha jamii wala si kioja cha makumbusho. Ni mtu mwenye nyumba yake.

Wakati huo Moses Williams alikuwa amekuwa mtu huru kwa zaidi ya miaka 15, akiishi mji ule ule na Peale. Hakuna picha ya mafuta inayojulikana ambayo bwana huyo au yeyote katika wanawe alimchora. Picha ya Yarrow ilitundikwa katika makumbusho, ikapita mikono kadhaa, na mwaka wa 2011 ikanunuliwa na Philadelphia Museum of Art. Imewekwa katika jumba moja na kilio cha Rachel, mfarishi wa Sophonisba, na ile ngazi ambayo Raphaelle na Titian hawajamaliza kuipanda.